Kadzo Hakutia Mshumaa

Vijana mnaoshika bisibisi leo, naandika haya nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Majuzi nilikaa katika duka la mmoja wenu hapa Malindi nikingojea redio yangu, nikamsikia kijana akiwachekesha wenzake kwa kisa cha msichana wa Ganze aliyetia mshumaa katika printa akidhani ni wino. Walicheka hadi mmoja akaangusha koleo. Nikamuuliza kisa hicho amekitoa wapi. Akanijibu kwa adabu kwamba kila fundi anakijua. Nikamuuliza ni ofisi gani, na ni nani aliyeifungua mashine akauona huo mshumaa kwa macho yake. Hakujua. Alikuwa amekipokea kwa mtu aliyekipokea kwa mtu.

Mimi ndimi niliyeifungua mashine ile. Msichana alikuwa na jina, aliitwa Kadzo, na kwa sababu ya maneno kama hayo alikaribia kupoteza kazi yake na sifa yake njema katika mji mzima. Kwa hiyo someni, na mkimaliza mtajua kwamba huko dukani mlikuwa mkicheka uongo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Kazi yangu kubwa ilikuwa taipureta na mashine za kurudufu, zile za stensili, kuanzia Mambrui mpaka Kilifi. Hoteli moja ya Shella, hapa hapa Malindi, ambayo sitaitaja, ikaagiza kutoka ng'ambo printa ya rangi ili ichape orodha za vyakula na matangazo ya safari za watalii. Kampuni iliyoniajiri ikanipeleka Mombasa nikafundishwe namna ya kuitunza, na niliporudi nikawa ndiye fundi pekee wa pande hizi aliyewahi kuiona ndani.

Wino wake haukuwa wa maji wala wa unga. Ulikuwa mgumu, wa nta, umekatwa vipande mfano wa mche wa sabuni uliogawanywa: mweusi, wa manjano, wa buluu na wa waridi. Ndani ya mashine mlikuwa na vijungu vinne, kila rangi na chake. Umeme ukiwaka, vijungu hupata moto mkali, nta huyeyuka, kisha kichwa chenye matundu madogo kuliko ncha ya sindano huirusha kwenye karatasi. Ikigusa karatasi huganda papo hapo. Ukipitisha kidole juu ya maandishi ungeyahisi yameinuka, na ukiyakwangua kwa ukucha yangebanduka.

Hayo ya kubanduka yaliwatesa sana wahudumu. Mmoja aliweka sahani ya moto juu ya orodha ya vyakula, na alipoiinua, neno "pweza" lilikuwa limehamia chini ya sahani. Mgeni akaona akauliza kama kila sahani ya hapo huandikwa jina la kilichomo.

Mnaona, basi, kwamba mashine hiyo ilikuwa na tabia zake. Na penye kitu kigeni chenye tabia zake, watu wa kwetu hawakosi kuzua. Siku za mwanzo nilikuta wino wote umetiwa katika jokofu la jikoni, kando ya ngisi na kamba, kwa sababu mtu fulani alisema joto la Malindi litauyeyusha. Nani huyo aliyesema? Hakuwa na jina. Nikachukua kipande kimoja, nikakiweka juu ya bati la paa la stoo jua la mchana likiwa utosini, nikakiacha hapo mpaka alasiri. Nilipokishusha kilikuwa kigumu vilevile, kimepata vumbi tu. Nta ile haikuwa ya kuyeyushwa na jua. Ilitaka moto. Lakini kwa muda mrefu baada ya hapo karatasi za hoteli ile zilinuka shombo, na waliouleta uvumi hawakuja kunisaidia kuusafisha.

Ofisi nyingine iliyonunua mashine ya aina hiyo, huko Kilifi, ilinitumia habari kwamba yao imeingiwa na jini, kwamba hunguruma peke yake ofisi ikiwa imefungwa. Kunguruma ni kweli. Mashine ile ilijisafisha yenyewe kila baada ya muda maadamu ina umeme. Niliifungua nikamkuta mjusi kafiri amejikunja kando ya kijungu cha buluu, mahali penye vuguvugu, ameneemeka. Nikamtoa kwa mkia. Mkia ukabaki mkononi mwangu, naye akaenda zake. Karani mkuu akasema, umeona sasa? Nikamuuliza nimeona nini.

Aliyenifunza kazi hii, marehemu Fundi Athmani wa Mambrui, alikuwa mtu wa maneno machache na unyoya wa kuku. Unyoya huo aliuchovya katika mafuta, akaupitisha kati ya herufi za taipureta mahali pasipopenya kitambaa, na mpaka leo sijapata chombo bora kuliko huo. Yeye alinisimulia kwamba ujanani mwake aliambiwa na karani kuwa pipa la mashine ya kurudufu limepinda. Akaamini. Akaivunja mashine yote vipande vipande, akapima, akanyoosha kisichopinda. Kumbe karatasi ndizo zilizokuwa na unyevu, zimevimba kwa hewa ya bahari msimu wa mvua. Tangu hapo hakukubali kuambiwa ubovu. Mteja akianza kumweleza humkatiza: niambie ulichokiona, usiniambie kilichoharibika. Amri hiyo nimeishi nayo. Natamani wenye hoteli wangeishi nayo pia.

Sasa nirudi kwa Kadzo. Alitoka nyuma ya Ganze, nchi kavu ambako watoto huenda shule kwa mwendo mrefu na maji hufuatwa kwa mwendo mrefu zaidi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akajifunza kupiga taipu, akapata kazi katika ofisi ya hoteli ile. Nyumbani kwao hakukuwa na mshahara mwingine. Alipopewa mashine mpya aitunze, mimi ndiye niliyemfundisha, na sikuhitaji kumwambia jambo mara mbili. Alijua kwamba mashine ile haizimwi kila jioni kama taa, kwa maana kila inapowashwa upya humwaga nta nyingi kusafisha matundu yake, na nta hiyo iliyomwagwa huganda katika sinia chini, rangi zote zimechanganyikana, haifai tena. Na alijua kwamba kuna wakati mmoja tu ni lazima izimwe, nao ni kabla ya kuhamishwa. Kila kijungu kina nta iliyoyeyuka. Ukiinamisha mashine ikiwa na moto, nta humwagika ndani, rangi huingiliana, kisha hupoa na kuganda kila mahali.

Hoteli ikaamua kuihamishia ofisi yake mjini, ghorofani, katika jengo jipya. Mimi nilikuwa Kilifi kikazi. Msaidizi wa meneja, Bwana Faraji, mzaliwa wa mji, mtu wa kanzu safi na sauti kubwa, akanipigia simu kuuliza mashine ibebwe vipi. Simu za siku zile zilikuwa na mkwaruzo kama wa mtu anayekaanga samaki kando yako. Nikamwambia: ihamishwe ikiwa imezima. Kabla sijaongeza kwamba ipoe kwanza, akasema nimesikia, akakata.

Nitasema alichosikia, mahali pake.

Zilipita siku chache, nikaitwa. Mashine imekufa, niliambiwa. Nilipopanda ghorofani nilikuta kiti cha Kadzo kitupu na Bwana Faraji amesimama kando ya mashine, mkononi ameshika bonge la nta ya rangi mchanganyiko, analionyesha kama mtu aliyekamata nyoka. Akanieleza kwamba wino mweusi ulikuwa umekwisha, Kadzo akaomba mwingine, akaambiwa angoje. Hakungoja. Alitia mshumaa. Huu hapa mshumaa wenyewe, ameutoa katika sinia la chini. Msichana amesimamishwa kazi, na meneja akirudi kutoka Mombasa atamfukuza kabisa, na fundi nimeitwa ili nithibitishe tu.

Nikamuuliza, umemwona akitia?

"Ni haja gani ya kumwona, Bwana Omari? Huko kwao kila kitu ni mshumaa."

Neno hilo lilikuwa limekwisha kutangulia. Wapishi walilijua, madereva walilijua. Mwenye duka la karatasi ng'ambo ya barabara aliniuliza kama ni kweli. Kabla Kadzo hajaondoka, nilielezwa, wenzake walikuwa wamekwisha kumpa jina, Mama Mshumaa, na umeme ulipokatika mmoja alimwita kwa sauti aje awaangazie. Akawa anakwenda kunywa chai yake nje, ukutani, mpaka siku ile alipoambiwa achukue mkoba wake. Fikirini sasa: mji mdogo, ofisi chache, na kila ofisi imekwisha kusikia. Msichana huyo angepiga taipu kwa nani tena?

Nilimwomba Bwana Faraji aniachie nafasi. Nikachomoa waya, nikafungua kifuniko.

Bonge lile alilolishika lilikuwa nta ya kawaida ya kujisafishia, ile iliyopaswa kuwamo katika sinia. Hilo nililijua kwa kulitazama. Lakini sikutaka kufanya alivyofanya yeye, kuamua kwa kutazama. Nikakata kipande cha nta iliyoganda ndani ya kijungu cheusi, nikashuka nacho hadi mkahawa wa jirani, nikanunua mshumaa, nikaomba vijiko viwili na jiko la mkaa. Mshumaa uliyeyuka mara moja, ukawa maji. Nta ya mashine ilikaa tu, inang'aa, haijashtuka, mpaka makaa yalipochochewa sana. Kisha nikavichanganya makusudi, nikaacha vipoe. Mchanganyiko ulikuwa laini, wa mafuta, ukiusugua karatasini unapaka. Nikarudi ghorofani nikasugua nta ya kila kijungu juu ya karatasi. Yote ilikuwa ngumu na kavu. Hapakuwa na tone la mshumaa katika mashine ile.

Kilichokuwamo kilikuwa kingine, nacho kilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Nta iliyoyeyuka, kama maji, hutafuta usawa. Mashine ikisimama wima, nta huganda bapa, kama uji katika bakuli. Katika mashine ile nta ilikuwa imeganda imesimama. Ilipanda ukuta wa nyuma wa kila kijungu, ikavuka ukingo, ikateremka upande wa nyuma hadi kwenye waya, ikaganda hapo kama ukuta mdogo wa rangi. Rangi ya manjano, ambayo huwa ya kwanza kuchafuka, ilikuwa imegeuka kijani kibovu. Maana yake ni moja tu, nayo haihitaji elimu kubwa: mashine ilibebwa ikiwa na moto, ikalazwa chali, ikapoa ikiwa chali.

Nikawaita wapagazi walioibeba, nikawauliza walichokifanya, si kilichoharibika. Wakasema walitaka kuizima tangu asubuhi, wakakatazwa. Waliichomoa mashine ukutani wakati pikapu iko mlangoni imeshawashwa. Mlango wa pikapu haukufungika mashine ikiwa imesimama, basi Bwana Faraji akaamuru ilazwe. Ilikaa imelazwa mpaka walipomaliza kupandisha meza zote. Na Kadzo je, alikuwa wapi? Alikuwapo. Alisema mashine izimwe na ipoe, fundi alimfundisha hivyo. Bwana Faraji alimuuliza ni nani aliyeongea na fundi kwa simu, yeye Faraji au Kadzo. Kadzo akachukua makasha ya karatasi.

Hapo nikamgeukia Bwana Faraji.

"Nilikwambia nini kwa simu?"

"Ulisema ihamishwe ikiwa nzima."

"Nilisema ikiwa imezima."

Nilimwona akiyarudia maneno yale mawili kimoyomoyo, midomo inacheza.

Sitawaficha kwamba naelewa sikio lake lilivyopotea. Siku zote nilikuwa nikiwahimiza wasiizime mashine ile ovyo. Akasikia nzima, akaona inalingana na mahubiri yangu: isivunjwe, isizimwe, ibebwe hai. Lugha yetu imeziweka maana hizo mbili jirani, kilichokufa moto na kilicho salama, na kati yao mna mkwaruzo wa simu tu. Kusikia vibaya si dhambi. Lakini mbele yake alisimama mtu aliyefundishwa kazi ile, akamwambia sivyo, naye akamnyamazisha. Halafu mashine ilipokufa akatafuta wa kumbebesha, akamwona yule yule. Hiyo si bahati mbaya ya masikio. Hilo ndilo lililonitia hasira wakati ule, na bado halijanitoka.

Tangu siku hiyo, nikitoa maagizo kwa simu, sisemi izimwe wala imezima. Nasema: chomoa waya ukutani, kisha weka kiganja chako juu ya kifuniko, ukisikia joto, ngoja. Halafu namwambia mtu anirudishie nilivyosema, neno kwa neno. Wapo wanaoudhika. Waudhike.

Meneja aliporudi nilimwonyesha nta iliyosimama, na vijiko vyangu viwili nilivyovihifadhi nikamwonyesha pia. Alikuwa mtu mwenye akili, alielewa upesi. Alitazama dirishani kidogo, akasema basi, yamekwisha, Kadzo apelekewe habari arudi kazini. Bwana Faraji akajitolea kumtuma mtu anayekwenda sokoni Ganze. Nikasema hapana. Habari ilikuwa imekwisha kupita katika vinywa vya kutosha. Hii nitaibeba mwenyewe.

Nilikwenda Kilifi kwa basi, nikapata lori la mkaa lililokuwa likirudi tupu, nikakaa juu ya magunia matupu. Nilishuka mweusi kama niliyekuwa nikitengeneza ribuni za taipureta kwa mikono. Kisha nikatembea hadi kwao Kadzo. Mama yake alinipa kigoda na maji ya kunywa, mwaka ambao maji hayakuwa kitu cha kumpa mgeni bila kufikiri. Kadzo alikuja na dumu kichwani, akalitua, akaniamkia. Nikamweleza yote: vijiko, nta, wapagazi, simu. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye mshumaa alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha.

"Baba, sisi hapa hatuna mshumaa. Tuna koroboi. Mishumaa niliiona kwao, juu ya meza za wageni."

Nikamwambia meneja amesema arudi kazini.

"Amesema sikutia?"

"Amesema urudi."

"Nimesikia hilo. Nauliza, amesema sikutia?"

Ilibidi nimjibu la. Akafuta mikono kwenye leso yake, akasema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba akirudi hivyo atakuwa msichana aliyesamehewa. Kila umeme ukikatika watamwita kwa jina lile. Kila mashine ikikwama watamtazama. Yeye hakuomba msamaha kwa sababu hakuna alichokifanya. Bwana Faraji aliyasema maneno yale chumba cha chai, watu wote wakisikia. Ayaondoe pale pale, watu wote wakisikia. Asipoyaondoa, yeye atabaki na kuteka maji.

Mama yake alimkemea kwa lugha yao. Sikuyaelewa yote, lakini nilielewa alitaja karo za wadogo zake. Kadzo hakubadilisha kauli. Mimi nilikuwa nimekuja nikijiona nimeleta faraja, nikaondoka nikijua kwamba msichana yule alikuwa na haki, na kwamba mama yake pia alikuwa na haki, na kwamba yote mawili yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja mwenye kanzu safi.

Nikarudi. Nikampa meneja jibu kama lilivyo. Hakulipenda. Alisema mambo ya wafanyakazi si kazi ya fundi. Mimi nifunge mashine, wageni wa msimu wanakaribia na orodha za vyakula hazijachapwa. Nikamjibu kwamba fundi hafungi mashine kabla ya kukubaliana na mwenye mashine juu ya chanzo cha ubovu, kwa maana chanzo kikibaki ubovu hurudi. Je, chanzo ni nini? Katika ofisi hii chanzo kilichotangazwa ni mshumaa. Mimi sijauona. Basi inanilazimu niendelee kuutafuta.

Na nikaendelea. Nilikuja kila asubuhi, nikaamkiana na watu, nikatandaza gazeti mezani, nikatoa parafujo moja moja na kuzipanga. Mtu akiuliza kazi imefikia wapi namjibu bado nautafuta mshumaa. Mwanzoni walidhani natania. Kisha wapagazi wakaanza kuniuliza kwa sauti wakipita, fundi, umeuona? Nami nawajibu kwa heshima, bado, labda umejificha nyuma ya kijungu cha waridi. Mwenye duka la karatasi alipanda ghorofani kutazama. Bwana Faraji akawa anapitia mlango wa nyuma. Mkubwa wangu wa Mombasa alipiga simu kwa ukali. Nikamsomea chanzo kama kilivyotangazwa, nikamuuliza angependa nithibitishe lipi, alilosema mteja au lililomo ndani ya mashine. Akasema nifanye ninavyoona. Orodha za vyakula zikaandikwa kwa mkono, kwa kalamu, na mhudumu mmoja akaandika kitoweo cha samaki kwa herufi zilizomfanya mgeni aagize kuku.

Mwishowe meneja alinijia akavuta kiti. Aliuliza kama Bwana Faraji akimwandikia msichana maneno ya kumridhisha itatosha. Nikasema hayakuandikwa wakati wa kumwumiza. Akatikisa kichwa, akaondoka, nami nikasikia mlango wa chumba cha Bwana Faraji ukifungwa na sauti mbili ndani, moja kubwa ikipungua polepole.

Nikampelekea habari, na Kadzo alikuja kwa basi la asubuhi. Alivaa kama siku ya kazi, mkoba begani. Saa ya chai watu walikuwapo wote chumbani, wapishi walioitwa kutoka hotelini, madereva, wapagazi, makarani, na meneja amesimama karibu na mlango. Bwana Faraji akasimama katikati. Akaanza kwa mbali, kwamba katika kazi hutokea kutoelewana, na kwamba kuhusu lile jambo imebainika kuwa mambo hayakuwa vile.

"Jambo gani, Bwana Faraji?" Kadzo aliuliza. Hakuinua sauti.

"La mashine."

"Mashine ilifanywa nini?"

Bwana Faraji alimtazama meneja, naye meneja alikuwa akitazama viatu vyake.

"Kadzo hakutia mshumaa," alisema Bwana Faraji.

"Nani aliyeamuru ibebwe na moto wake?" Kadzo aliuliza tena.

Hilo halikuwamo katika mapatano yake na meneja, nilimwona akiligutukia. Nilidhani atatoka. Jasho lilikuwa limemshika kanzu mgongoni.

"Mimi," akasema. "Aliniambia izimwe. Mimi ndiye niliyekataa."

Kadzo akaitikia kwa kichwa. Akaenda kwenye birika, akajimiminia chai, akatia sukari, akapita kati ya wale waliompa jina, wakamsogezea miguu apite. Hakwenda ukutani nje. Aliketi kwenye meza ya katikati, akaweka mkoba wake kando, akaanza kunywa taratibu kama mtu asiye na haraka na kazi yake. Mazungumzo yalirudi kidogo kidogo. Bwana Faraji alikuwa bado amesimama pale pale, na hapakuwa na mtu aliyemwambia aketi.